Mbegu Nilizozitundika Moshini

Skola mwanangu,

Usiisome barua hii kabla basi halijapita Laela. Nakujua, ungeisomea pale pale stendi, ndiyo maana nimeifunga kwa uzi wa gunia mafundo matatu na kuizamisha chini ya karanga, ambako mkono wako hautafika mpaka njaa ikuume. Ukishapita Laela hutashuka kurudi kuniuliza maswali. Nataka iwe hivyo.

Leo Jumapili, alasiri. Wewe uko Namanyere kumuaga mama yako mzazi. Mama yako mdogo yuko jikoni anakukaangia vitu vya njiani, na kila akipita mlangoni ananitazama kama anavyomtazama kuku aliyeingia sebuleni. Hajazoea kuniona na kalamu. Nami sijazoea. Niliacha shule darasa la tano, si kwa ujinga. Mwalimu mwenyewe alimwambia babu yako kwamba hana tena cha kunifundisha, babu yako akaelewa vibaya akanipeleka kuchunga ng'ombe.

Habari za sweta na sabuni umeshaambiwa, sina la kuongeza. Wanasema Arusha kuna baridi. Mtu aliyekulia Kasense, akaoga maji ya bondeni mwezi wa sita, hatishwi na baridi ya watu wengine. Na wakisikia umetoka Sumbawanga watakutania habari za uchawi wa radi. Cheka nao. Ukikasirika wataamini, ukinyamaza wataogopa, na kuogopwa kidogo kazini si hasara.

Sasa jambo lenyewe. Siku tatu hizi umekuwa ukiniuliza, "Baba mdogo, Mzee Nasoro bado hajaleta ile barua?" Nami nakujibu, bado. Jana ulipouliza mara ya pili niliona macho yako yamezama, kwa sababu kule Arusha, kwenye kampuni ya mbegu, walikwambia wazi: njoo na cheti chako cha kilimo, na barua ya mtu wa biashara ya mbegu anayekufahamu. Cheti unacho. Barua huna.

Unayo. Alinipa Alhamisi. Iko hapa mezani mbele yangu ninapoandika. Bahasha ya kaki, imebandikwa kwa gundi, juu yake utepe wa karatasi wenye gundi, juu yake tena muhuri wa duka. Mtu anayeandika mema ya nini afunge namna hiyo? Ndilo nililokuwa najiuliza siku tatu nikiwa nakudanganya.

Ili ujue kwa nini nilishuku, sharti nikurudishe mwaka ule ulipokuwa darasa la sita. Unaukumbuka nusu. Nusu nyingine niliificha.

Mwaka ule nilikuwa mkulima wa nyanya mkubwa kuliko wote Kasense, na ukiulizwa huko useme hivyo hivyo. Lakini nyanya zangu zilikuwa za mbegu yetu ile ya zamani, tamu, nyekundu mpaka ndani, na laini kama shavu la mtoto. Hapa nyumbani hakuna iliyozishinda. Shida ilikuwa barabara. Ukizipakia kwenda Kasanga kwenye maboti ya Zambia na Kongo, pale juu unapakia nyanya, kule chini ziwani unapakua uji. Safari moja nilifika na matenga sita, nikayashusha, mchuzi ukatiririka mpaka majini, na naambiwa samaki wa upande ule walivuliwa wakiwa na ladha ya kitoweo kwa wiki nzima. Nahodha mmoja aliniambia, "Mzee, wewe leta kitunguu tu, tupike."

Basi nikamwona jirani yetu wa ng'ambo ya bonde ameangusha tenga kutoka juu ya baiskeli, nyanya zikabingirika hadi mtoni, akaziokota, akazifuta, akaziuza. Hakuna iliyopasuka. Nikamuuliza, akasema ni mbegu chotara, nenda kwa Nasoro.

Unalijua duka lile, la pembejeo, karibu na soko. Enzi hizo mbegu zilikaa rafu ya mbele kabisa, vipakiti vinang'aa kama peremende. Mzee Nasoro aliniwekea kimoja kiganjani. Nikakipima kwa mkono, chepesi, hakina hata uzito wa kijiko cha chumvi. Nikauliza bei. Alipoitaja nikadhani anataja bei ya katoni.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hii ni bei ya mbuzi."

"Ni bei ya mbuzi mdogo," akasema. "Ukiuza beberu lako utabaki na chenji."

"Na nyanya zikiiva nitabakiza mbegu za mwakani?"

"Kubakiza utabakiza, lakini hazitafanana na mama yao. Moja itatoka ndefu, moja fupi, moja kama gololi. Kila msimu itabidi urudi kwangu."

"Kwa hiyo nimenunua kamba ya shingo yangu mwenyewe."

Akacheka. Mzee yule anacheka bila kutoa sauti, mabega tu. Hapo ndipo nilipomweka alama. Mfanyabiashara anayekwambia kabisa kwamba utarudi kwake kila mwaka, tena anacheka, ama ni mkweli kupita kiasi ama ni mwizi mwenye dharau. Nikachagua la pili. Lakini mbuzi nikauza.

Kipakiti kiliandikwa punje elfu moja. Mbegu ya kuhesabiwa. Mama yangu, bibi yako, mbegu ya ulezi hakuihesabu hata siku moja. Jirani akija, anachota kiganja, anampa, anamwambia nenda. Mavuno yakija jirani anarudisha alichojaliwa. Alikuwa akisema mbegu haihesabiwi, inagawiwa. Ukiihesabu umeshaanza kuinyima. Na mbegu yake aliitia kwenye kibuyu kidogo, akakiziba kwa gunzi, akakitundika juu ya mafiga penye moshi, ili dumuzi na panya wakae mbali. Miaka yote niliyomjua, ulezi wake haukukataa kuota.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilifika nyumbani, nikachana kipakiti, nikamwaga mbegu kwenye ungo, nikahesabu. Nilipata mia tisa themanini na saba. Nikahesabu tena, nikapata elfu moja na nne. Mara ya tatu mama yako mdogo akaniita kula, nikasahau nilipofika. Wewe ulikuwa umekaa pale kizingitini unafanya hesabu za shule, ukaniambia, "Baba mdogo, nikusaidie?" Nikakwambia hii si hesabu ya shule. Nikashikilia ile ya kwanza, mia tisa themanini na saba, kwa sababu ndiyo iliyonipa punje kumi na tatu za kuibiwa.

Halafu, msimu wa kitalu ulikuwa bado wiki tano. Mbegu nimeshazifungua, nikaziweka wapi? Kwenye kibuyu cha marehemu mama. Juu ya mafiga. Kwenye moshi na mvuke wa maharage, asubuhi na jioni, wiki tano.

Mara nyingi nimekaa nikilifikiri hili. Mama aliniachia mambo mawili kuhusu mbegu, la kutohesabu na la kutundika. La kwanza lingenifaa, nikalivunja. La pili lilikuwa la ulezi, nikalishika kwa mbegu ambayo mama hakuwahi hata kuiona. Na nililishika kwa fahari.

Tulipanda kitalu. Nililima tuta la duara, ntumba, na nyasi nikazizika ndani kama kawaida yetu, udongo ukawa mweusi kama kahawa. Siku ya saba, kimya. Siku ya kumi, kimya. Siku ya kumi na nne zikaota tatu, mbili zikiwa ni magugu.

Ikaja Jumamosi ya soko. Kisa hiki umenisikia nikikisimulia mara nyingi kuliko litania. Kwenye kisa changu kuna askari wawili, kuna gari la kampuni kutoka Dar es Salaam, kuna meneja mwenye tai anayeniangukia miguuni. Skola, hapakuwa na gari. Hapakuwa na askari. Kulikuwa na mimi, nimesimama juu ya boksi la nyanya mbele ya duka la mtu, na sikumwamkia. Mtu mwenye umri wa kaka yake baba yangu, sikumpa hata shikamoo.

"Jamani," nikasema, "huyu mzee anauza mchanga uliopakwa rangi. Mbuzi wangu amekula yeye, mimi nimepanda vumbi."

Watu wakasogea. Unajua soko letu, mtu akipanda juu ya kitu, hata kuku wanasogea.

Mzee Nasoro akatoka na kalamu sikioni. Aliniuliza swali moja tu. "Bwana Desderi, ulizihifadhi wapi?"

"Nilizihifadhi alivyohifadhi mama yangu. Mama yangu hakupoteza mbegu hata siku moja."

"Hilo kweli," mama mmoja akasema nyuma yangu. "Mama yake tulimjua."

"Mrudishie mbuzi wake huyo," mwingine akadakia.

Mzee akaichomoa kalamu sikioni. Angeweza kuniuliza tena. Angeniuliza kama nilifungua kipakiti, ningeumbuka pale pale, maana uongo wa papo hapo huwa unanikataa, naupata nikishafika nyumbani. Hakuuliza. Aliingia ndani, akatoka na kipakiti kingine, akaniwekea kiganjani kama mara ya kwanza. "Chukua," akasema, kwa sauti ya chini. "Safari hii usifungue mpaka siku ya kitalu. Weka mahali pa baridi."

Watu hawakusikia maneno. Waliona mkono. Walichoona ni mfanyabiashara anatoa bure kitu cha bei ya mbuzi, na mtu wa hapa akiona hivyo anajua maana yake. "Mnaona," wakasema, "amekiri."

Nikashuka kwenye boksi nikiwa mrefu kuliko nilipopanda.

Jioni ile ile wanaume wa mtaa walikuja kunisikiliza. Walijaa mpaka uani. Nilikuwa nimefika mahali pa utamu, namwelezea mzee alivyotetemeka, ndipo ukapita na ndoo ya maji, ukatua, ukauliza kwa adabu kabisa, "Baba mdogo, na hizi nazo utazitundika moshini?"

Nilikupiga kibao.

Watu wakacheka kidogo, wakaniambia endelea, na mimi nikaendelea. Hukulia. Ulichukua kile kipakiti mezani, ukaenda nacho ndani, ukakiweka kwenye sanduku lako la bati, chini ya sare ya shule. Nilikuona. Nikajifanya sikuona. Na siku ya kitalu ilipofika ukakitoa ukanipa, bila neno, na neno hilo hukulisema tena mpaka leo.

Siku ya saba kitalu kilikuwa kijani.

Hapo ndipo nilipojua. Sitaki ufikiri kwamba nilikuwa mjinga miaka yote hii. Nilijua siku ile ile, nimechuchumaa kwenye umande. Tena kwa kuwa mimi ni mtu wa kushuku, sikukubali kirahisi. Nilikuwa nimebakiza punje ishirini kwenye kona ya kipakiti. Kumi nikazirudisha kibuyuni, juu ya mafiga, wiki tano vile vile. Kumi nikazificha kwenye sanduku lako. Kisha nikazipanda nyuma ya banda la kuku, kwenye sufuria mbili mbovu, mama yako mdogo akidhani naenda kutafuta mayai. Sufuria ya sandukuni iliota punje tisa. Sufuria ya moshini haikuota hata moja. Nikazing'oa zote, nikatupa sufuria bondeni, nikanawa mikono.

Wasomi wa chuo chako wangefanya zaidi ya hapo? Nieleze. Tofauti ni kwamba wao wangesema.

Nyanya za mwaka ule zilikuwa nyanya. Zilifika Kasanga zikiwa ngumu kama zilivyotoka, na nahodha yule yule akaniuliza kama nimebadili kabila. Nilinunua mabati tuliyoezekea chumba chako. Nilipoulizwa siri, nikasema udongo wangu, mkono wangu, ntumba zangu. Na kuhusu Nasoro nikasema, nilimtia adabu. Kila msimu kisa kikaongezeka mtu mmoja. Tai ya meneja niliiongeza kwenye msiba wa Mzee Ladislaus, watu walikuwa wanahitaji kucheka.

Nami nikicheka nao, mwenzangu Nasoro alikuwa anakaa dukani bila mteja. Misimu miwili akina mama wa Kasense walipita mbele ya mlango wake kwenda duka la mbali, wakinunua mbegu kwa mtu ambaye kweli alikuwa anapaka rangi. Ndiyo, wapo. Usije ukasoma barua hii ukafikiri baba yako mdogo anasema dunia ina waaminifu watupu. Mbegu feki zipo, nimezishika kwa mkono huu, na waliouziwa hawakuwa na sauti, kwa sababu sauti yote niliitumia mimi mahali pasipo. Nilipita siku moja nikaona Nasoro ameondoa vipakiti kwenye rafu ya mbele. Ameweka ndoo na misumari. Nikajisemea, mwizi amestaafu. Lakini siku ile nilirudi nyumbani kwa njia nyingine.

Wewe ukaanza kupita dukani kwake ukitoka shule. Nilijua. Nilidhani anakuhoji habari zangu. Kila uliporudi nilikuuliza, "Amesema nini?" Unajibu, "Amenionyesha mdudu wa nyanya, kantangaze, anavyoingia kwenye jani." Nikadhani ni fumbo. Nilikaa siku mbili natafuta huyo kantangaze ni mimi au ni nani.

Kisha mwaka jana ulipotoka chuoni ukaniita bondeni, ukanionyesha kazi yenyewe. Ulishika ua la nyanya ambalo halijafunguka, dogo kama jino la maziwa. Kwa kibano ukang'oa zile nyuzi za kiume ndani yake, moja moja, bila kuumiza kile kilichobaki katikati. Kesho yake ukaja na unga wa manjano wa ua la nyanya nyingine, wenyewe mnauita chavua, umeuweka kwenye kizibo cha soda. Ukachovya ncha ya kidole, ukagusa. Ua moja. Ukakata majani mawili ya kikonyo kama alama, ukahamia linalofuata. Nikakuuliza, "Na hivi mpaka lini?"

"Mpaka maua yaishe, baba mdogo. Kwa siku mtu anafanya mamia. Ukikosea moja, ukapitisha nyuzi, mbegu za tunda lile zote ni bure."

"Kwa hiyo kila punje kwenye kipakiti..."

"Kuna kidole cha mtu."

Nilikwambia jua ni kali, nikapanda juu nyumbani. Halikuwa jua. Nilikuwa nimekumbuka kibuyu. Miaka yote nilidhani beberu langu lilimlipa Nasoro kwa karatasi inayong'aa. Kumbe lililipa mgongo wa msichana fulani aliyeinama mashambani huko, mtoto wa mtu, ua kwa ua, na mimi nikaja nikapika kazi yake pamoja na maharage.

Na sasa msichana ni wewe.

Bado sijaipenda habari ya kurudi dukani kila mwaka. Nitakufa nikiishuku. Mbegu isiyomzaa mwenzake inamfanya mkulima awe mpangaji shambani kwake. Ukifika kwa hao wakubwa waulize, kwa adabu, nani alipanga iwe hivyo na nani anakula zaidi. Mkataba wao usome mara mbili, mara ya pili anzia mwisho, kwa sababu ubaya hukaa karibu na sahihi. Mtu akikusifia haraka, mshuku. Akikupa kitu bure mbele za watu, usiseme amekiri. Hilo nimelilipia.

Turudi Alhamisi. Nilikuwa napita mjini kwa baiskeli, nikasikia naitwa. "Desderi. Njoo." Mzee Nasoro amezeeka, siku hizi anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kijana wake ndiye anayeuza. Sikuwa nimesimama mbele ya mlango ule tangu siku ya boksi.

Akanipa bahasha. "Mpe binti. Usiifungue."

"Kwa nini nisiifungue?" nikamuuliza. "Kuna nini ndani?"

Mabega yakaanza kucheka. "Mara ya mwisho nilipokwambia usifungue kitu," akasema, "si ulivuna?"

Skola, mzee anajua. Nilipanda baiskeli nikaondoka bila kuaga. Alijua tangu siku ile, alijua aliponiuliza nilihifadhi wapi. Alinyamaza mbele ya soko zima, na akanyamaza kila kisa changu kilipomfikia kikiwa na askari wawili na gari. Mtu aliyenyamaza miaka yote hiyo, nikajisemea, alikuwa anasubiri. Na sasa ameandika. Ameandikia watu wa Arusha: msimchukue huyu, ametoka nyumba ya waongo.

Ijumaa niliishika bahasha kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi nzito, haionyeshi. Niliinusa, ina harufu ya dawa za mimea. Jana, mama yako mdogo alipokwenda kanisani kufagia, nikabandika birika. Nilisikia kwamba mvuke unaachisha gundi bila kuacha alama. Maji yakachemka, nikashika kona ya bahasha mdomoni mwa birika, nikaona karatasi inaanza kulegea.

Moshi wa mafiga ulikuwa unapanda juu ya mkono wangu. Nikatazama juu. Ule msumari bado upo, wa kibuyu. Mweusi.

Nikaondoa mkono.

Mama yako mdogo aliingia wakati huo huo, kwa sababu alisahau ufagio. "Unachemsha maji ya nini na chai tumeshakunywa?"

"Ya kunawa uso."

"Mwanaume wa nyumba hii akichemsha maji mwenyewe," akasema, "kuna mtu atalia." Akachukua ufagio akaenda. Bahasha ilikuwa kwenye koti, inaniunguza kifua, na hapo sitii chumvi, ilikuwa na mvuke kweli.

Basi nimeifunga pamoja na barua hii. Iangalie. Haijafunguliwa. Ile kona iliyokunjamana kama ngozi ya kobe ni ya birika, na doa la mafuta ni la kidole gumba changu. Wakikuuliza imekuwaje, usinitungie sababu, waambie una baba mdogo anayeshuku. Sijui imeandikwa nini. Kama ni mema, ni yako. Kama kuna mabaya, yatakuwa ni yangu, na yatakuwa ya kweli. Waambie ni mimi niliyezitundika mbegu, na kwamba wewe ndiye uliyeziweka sandukuni ukiwa darasa la sita, kabla hujafundishwa na mtu yeyote. Hiyo kwa maoni yangu inazidi barua. Nisamehe kwa zile siku tatu. Lile la uani siku ya ndoo, siwezi kuliandika kwa kalamu, limenishinda. Nitakapokupandisha kwenye basi kesho nitakushika shavu lile. Ukisoma hapa utajua lilikuwa ni lile.

Basi likishaondoka nitatoka stendi moja kwa moja mpaka dukani. Nimeshamwomba fundi baiskeli aniazime boksi. Nitaanza na shikamoo, kisha nitapanda, nitawahesabu watu wale wale waliobaki, nitasema kibuyu, nitasema wiki tano, nitasema sufuria mbili. Gari la kampuni nitaliondoa. Meneja nitamwondoa. Tai itanipa uchungu kidogo.

Halafu nitanunua kipakiti kimoja, kwa beberu lile jekundu, mama yako mdogo ameshakubali bila kujua ni kwa ajili ya nini. Sitakifungua mpaka siku ya kitalu. Sitahesabu. Nitakitikisa tu sikioni mara moja, pale pale dukani, mzee akiniona. Hilo msininyime.

Baba yako mdogo,
Desderi